Kaunti Inalala Nyumbani Mwangu

Jumatatu, Septemba 1, 1873

Makamishna wamekutana leo. Wamekutana jikoni kwangu, ambako pia ndiko sebuleni kwangu na chumbani kwangu, kwa kuwa nyumba yetu ina chumba kimoja tu. Watatu walikaa mezani, Orrin akakaa ukingoni mwa kitanda akiandika waliyosema, na wengine waliokuja kulalamikia barabara wakasimama ukutani na mabuti yao ya matope. Bwana Croll, mwenyekiti wao, alichukua kiti changu na kukalia ushonaji wangu. Aliamka na sindano imemwingia na akanitazama mimi kama niliyemkosea.

Kaunti hii ya Merritt haijatimiza miaka miwili. Ina makamishna, ina sherifu, ina muhuri. Jengo haina, kwa hiyo inakaa kwetu, maana mume wangu ndiye karani wake.

Walipoondoka nikamwuliza Orrin haya mambo yataisha lini.

"Baada ya uchaguzi wa Oktoba, mke wangu. Watu wakishachagua makao makuu, tutajenga mahakama, basi."

"Mtajenga kwa mbao gani? Nebraska hii nzima umeona mti wapi?"

"Hayo ni madogo, Almira."

Mtoto atakuja katikati ya Novemba. Naandika hapa, kwa sababu nikilisema kwa mdomo halisikiki.

Septemba 3

Nimefagia matope yao. Mahindi yanakauka shambani na mwenye shamba ameenda kupima barabara.

Septemba 9

Mvua. Nyumba ya mabonge ya udongo na nyasi ina tabia yake: nje ikinyesha siku moja, ndani inanyesha mbili. Nimetandaza turubai juu ya kitanda. Orrin naye amelifunika sanduku la karatasi za kaunti kwa koti langu la baridi. Nikamwuliza, "Na mimi nivae nini?" Akasema karatasi zikilowa hakuna atakayejua shamba lipi ni la nani. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Septemba 13

Haya, sasa tuna mahabusu.

Sherifu Dutcher alikuja adhuhuri na mtu amefungwa mnyororo, mrefu, mwembamba, ndevu kama ufagio. Anaitwa Lemuel Pike. Bwana Croll anasema kamwibia farasi jike.

"Nimemleta mahakamani, Bibi Stroud," Dutcher akasema.

"Hapa si mahakamani. Hapa ni kwangu, na nakanda unga."

"Ndiyo, mama. Lakini jela hatuna, na jaji haji mpaka Novemba. Nimfunge wapi?"

Akatazama huku na huku. Kwanza akauendea mguu wa kitanda. Nikamtazama tu, akauacha. Mguu wa jiko ungemchoma. Mwisho akamfunga kwenye mguu wa meza, akanywa kahawa yangu, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Huu ni wa nini?"

"Mimi nakaa mbali, Bibi. Usiku akitaka kwenda haja, je?"

Orrin aliporudi nikamwambia nimekuwa askari jela. Akacheka, halafu akaona sicheki.

Septemba 14

Pike anakoroma.

Septemba 19

Mvua tena. Leo nimemfungua Pike akachote maji, kwa sababu ndoo mbili na tumbo hili haviendi pamoja. Nilisimama mlangoni nikiwaza: akikimbia, basi, potelea mbali. Alirudi na ndoo zimejaa akaniuliza viazi viko wapi.

"Huogopi nitamwambia Sherifu kuwa umetoka?"

"Utamwambia nini, mama? Kwamba umemtuma mwizi wa farasi kisimani akarudi?"

Anamenya viazi vizuri kuliko Orrin. Anasema hakuiba farasi wa mtu, na kwamba yule jike anajua kufungua lango mwenyewe. Huenda ni uongo. Wote wanaokuja humu wanasema uongo kuhusu jambo fulani, huyu angalau anafuta meza.

Septemba 27

Orrin amekwenda kuwahesabu watu wa upande wa kaskazini, atarudi Jumatatu. Watu wanakuja hata yeye akiwa hayupo. Mmoja anataka leseni ya ndoa, mwingine anataka kuandikisha alama ya ng'ombe wake, na kila anayeingia anaacha mlango wazi. Nasema, "Funga mlango." Anasema, "Natoka sasa hivi, Bibi." Halafu anakaa.

Nitaandika jambo hili mara moja tu. Yule wa kwanza, Januari mwaka jana, alizaliwa humu humu siku walipokuja kuapishwa maafisa wa kwanza wa kaunti. Gunhild, jirani yetu Mnorwei, alishika shuka kama pazia mbele ya kitanda, na upande wa pili wa shuka wanaume waliinua mikono wakaapa. Wiki nzima watu waliingia na kutoka, na upepo wa theluji ukawafuata ndani. Mtoto alikuwa mzima. Kisha akaanza kukohoa. Tulimzika katika wiki yake ya pili, na Orrin akaandika kifo chake kwa mwandiko mzuri, kwa sababu hiyo nayo ni kazi ya karani.

Sijapata kumwambia nafikiri nini. Ninachotaka ni hiki tu: huyu azaliwe katika nyumba yenye joto na mlango uliofungwa. Sitaki kingine, wala sidhani nimeomba kubwa.

Kwa Gunhild siwezi kwenda. Wako tisa katika pango walilochimba ukingoni mwa mto, na maji yanaingia.

Oktoba 6

Makamishna tena. Bwana Croll anataka makao makuu yawe kwenye ardhi yake, ambako amechimba kisima na kupigilia vigingi, akapaita Mji wa Croll. Bwana Haskett, kamishna wa pili, anataka yawe kilimani kwake. Kilima chenyewe ukikaa kwenye farasi unakiona, ukishuka hukioni. Walipigana kwa maneno mpaka chakula cha jioni, na kwa kuwa ilikuwa jioni, wakala. Nyama ya nguruwe ya chumvi, mkate wa mahindi, na pai tatu za tufaha kavu nilizokuwa nimejiwekea.

Katikati ya pai Croll akasema, kama mtu anayeongea habari za mvua, kwamba yule jike wake amerudi mwenyewe, manyoya yamejaa mbegu za nyasi zinazonata.

Pike, chini ya meza, akasema, "Nilisema."

"Basi mfungueni," nikasema.

Haskett akafuta mdomo. Sherifu akasema kesi imeshaandikwa. Croll akasema jambo lililokwisha kuandikwa linamsubiri jaji. Nikamtazama Orrin, maana ndiye aliyeliandika, naye akatazama wino.

Oktoba 10

Nimevuna mahindi pamoja na Pike. Gunhild alipita, akaona tumbo langu na mnyororo wake, akasema kwa Kiingereza chake, "Nyumba hii, mbaya. Watu wengi sana. Wewe fukuza."

"Nimfukuze nani, Gunhild?"

Akafikiri. "Anza mkubwa," akasema.

Oktoba 14, Jumanne

Uchaguzi. Sanduku la kura ni lile ninalowekea chumvi. Kutwa nzima wanaume wameingia, wakaandika kikaratasi mezani kwangu, wakala, wakatoka. Mimi sina kura, kwa hiyo nilipika. Nilipika kwa furaha, naapa. Nilipika kama mtu anayeaga wageni. Pai, maharagwe na molasi, mkate wa ngano wa mwisho tulionao. Kila aliyeniambia "Bibi Stroud, hiki chakula," nilimwongeza.

Leo yanaisha.

Oktoba 15

Hayakuisha.

Orrin alihesabu kura asubuhi mbele ya makamishna. Croll, ishirini na nne. Haskett, ishirini na mbili. Sheria inataka zaidi ya nusu ya kura zote, na nusu haikufika, kwa sababu kura kumi na tano zimekwenda mahali pengine.

"Wapi?" nikauliza. Nilikuwa nafua, na nikaacha kufua.

Orrin hakutaka kusoma. Haskett akakitwaa kikaratasi kimoja akasoma: "Kwa Stroud." Akatwaa cha pili. "Kwa Stroud." Cha tatu kilikuwa na doa la molasi. "Kwa Bibi Stroud, pale penye pai."

Wakacheka, hata Pike. Ilimponyoka, halafu akaniona uso akainama.

Ni makapera. Vijana wa mashamba ya kaskazini wanaokula maharagwe baridi mwaka mzima, ambao kwao kuja mahakamani ni mlo wa kweli. Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Nimewalisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na nilipowapa kipande cha pili nilikuwa najifungia mlango wa jela.

"Kwa hiyo?" nikamwuliza Orrin.

"Kwa hiyo tutarudia majira ya kuchipua."

"Mtoto anakuja Novemba, Orrin."

"Najua."

"Unajua nini?"

Croll akasema, "Shemeji, ichukue kama sifa. Hakuna mwanamke katika Nebraska aliyepata kupigiwa kura." Akavaa kofia, akatoka, akaacha mlango wazi.

Nililia mpaka maji ya kufulia yakapoa. Pike alimaliza mashati yaliyobaki.

Oktoba 17

Sipiki tena kwa ajili ya kaunti.

Oktoba 22

Wanakuja na chakula chao wenyewe. Sasa kuna mifupa sakafuni.

Oktoba 29

Mvua siku tatu. Orrin ananiambia nimekuwa mkali. Nikamwambia ndiyo. Akasema kaunti isipopata mahali, itagawanywa kwa jirani zake, na kazi yote aliyofanya itakuwa bure. Aliniambia akiupangusa muhuri, na kwa mara ya kwanza nikaona kinachomfunga si uvivu wala upole. Anaipenda kaunti hii. Huko Ohio alikuwa kijana wa dukani ambaye hakuna aliyemwita kwa jina, na hapa watu wanavuka mto kuja kumwuliza Bwana Stroud. Nimeelewa, na kuelewa hakujanipunguzia hasira.

Jumatatu, Novemba 3

Baridi kali. Maji ya ndoo yameganda juu.

Leo sikungoja. Makamishna walipokaa, nikasimama mbele yao kama yeyote mwenye shauri. Nikasema, "Nina ombi. Jaji anakuja tarehe kumi na saba na watu wake wote. Mimi nitajifungua siku hizo hizo, katika chumba hiki. Naomba mahakama ikae mahali pengine."

Haskett akaona haya, akasema ni haki, lakini kwake ana watoto wengi. Kamishna wa tatu akasema kwake paa limeanguka. Nikamtazama Croll. Yeye ana nyumba ya mbao, vyumba vinne, dirisha la vioo. Kila mtu alimtazama.

"Ningefurahi," Croll akasema, "lakini si mimi, ni sheria. Mpaka wananchi wachague, makao ya kaunti ni pale anapoishi karani. Hapana pengine. Tukikaa kwangu, kila tutakaloamua ni batili." Kisha akataka kuchekesha watu. "Karani akihamia shimo la mbweha, Bibi Stroud, mimi na jaji tutatambaa kumfuata."

Wakacheka. Orrin pia alicheka, kidogo, kwa adabu.

Mimi nikasema, "Asante, Bwana Croll. Nimekusikia, na hawa wote wamekusikia." Nikakaa.

Novemba 4

Nimelitazama banda la farasi. Orrin alilijenga kiangazi hiki, na paa lake halivuji, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu langu.

Novemba 5

Nimemhamisha mume wangu.

Orrin alikuwa amekwenda kilimani kwa Haskett kuandika jambo la mpaka. Nilimfungua Pike. Gunhild alikuja na wanawe wawili wakubwa. Tulibeba sanduku la kaunti, muhuri, wino, meza, mabenchi, na godoro la majani. Nguo za Orrin nilizikunja vizuri, na wembe wake nikautundika kwenye msumari karibu na farasi. Pike alijifunga mwenyewe kwenye nguzo ya banda akanipa ufunguo. Nikasema si lazima. Akasema, "Acha ionekane sawa, mama."

Orrin alirudi magharibi. Aliona chumba kilivyo kikubwa. Nadhani hata yeye alikuwa amesahau.

"Meza iko wapi?"

"Unakoishi."

"Almira, usifanye mchezo."

"Sheria inasema kaunti iko pale anapoishi karani. Mwenyekiti amesema mbele ya watu. Basi karani anaishi bandani. Mimi naishi hapa."

"Mimi ni mumeo."

"Hilo nalijua. Lakini ukilala humu usiku mmoja, watakufuata asubuhi, jaji, sherifu, jopo la waamuzi, mashahidi, wote, na mlango utakuwa wazi kutwa. Nenda, Orrin."

Alikasirika kuliko nilivyopata kumwona. Alisema nimemfanya kichekesho cha kaunti nzima. Alisema hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivi. Alisema mengi, kisha akasema jambo la kijinga zaidi, kwamba farasi watakula karatasi. Nikamwambia azifunike kwa koti lake mwenyewe.

Alikwenda. Nilitaka kumwita. Nilikaa kitandani nikajishika mikono.

Novemba 8

Theluji ya kwanza. Namletea chakula mlangoni mwa banda. Haongei. Pike anasema asante kwa niaba ya wote wawili.

Novemba 12

Croll alikuja akiwa mwekundu kama nyanya. "Shemeji, jaji anatoka mbali! Utamweka na ng'ombe?"

"Ng'ombe wako upande wa kushoto," nikasema. "Na wewe uliahidi kutambaa."

Akaenda kumpigia kelele Orrin. Nilisikia sauti ya Orrin ikijibu, polepole, kwamba yeye ndiye karani na hapa ndipo anapoishi. Sijui kama alinitetea mimi au cheo chake.

Jumatatu, Novemba 17

Mahakama imefunguliwa bandani. Wakili mmoja alipinga kuhukumiwa watu kati ya mavi ya farasi. Jaji, mzee mwenye mafua, akauliza kama karani anaishi hapo kweli. Orrin akaonyesha wembe wake. Jaji akasema amewahi kukaa mahali pabaya zaidi, waanze.

Haya nimeyapata kwa Gunhild. Mimi uchungu umeanza.

Novemba 20

Ni msichana. Amezaliwa Jumanne asubuhi, na alipolia, Gunhild anasema kesi huko bandani ilisimama na watu wakavua kofia. Jiko lilikuwa linawaka. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Nililisikia lile jambo nililokuwa nimelisahau, chumba kikiwa kimya.

Pike ameachiwa. Jopo lilikwenda kujadiliana nyuma ya rundo la nyasi na likarudi kabla ya kupata baridi. Alikuja kuaga, akasimama nje, hakukubali kuingia. Amenisokotea nyasi za kuwasha jiko, rundo refu kuliko yeye. Aende salama. Nitamkumbuka kuliko wapiga kura wote.

Orrin alikuja kumwona mtoto akabaki kizingitini.

"Naweza?"

"Ingia. Lakini usikawie."

Alimshika kama anavyoshika karatasi yenye wino mbichi. Kisha akarudi bandani, kwa sababu jaji alikuwa na kesi nyingine.

Novemba 22, Jumamosi

Jaji aliondoka jana. Theluji imeanza tena, yenye upepo.

Usiku huu mtoto alikohoa mara moja. Labda ni maziwa tu, mara moja na basi. Lakini Orrin alikuwa analeta maji, na aliposikia, ndoo ilimponyoka. Alisimama katikati ya maji, amekuwa mweupe.

"Almira," akasema. "Yule wa kwanza. Ilikuwa mlango, sivyo?"

Nilikuwa nimekaa na neno hilo karibu miaka miwili. Nilidhani akiuliza nitakuwa mpole.

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa mlango."

"Mimi ndiye niliyekuwa nawakaribisha."

"Ndiyo."

Hakujitetea. Ningetamani ajitetee, ningepata pa kumshika. Alifuta maji yote sakafuni, akatoka. Nikadhani amerudi bandani kwake, na nikasema moyoni, haya, tutalea mtoto hivi hivi, mimi huku, kaunti huko.

Alirudi na godoro lake mgongoni na wembe mfukoni. Akalitandika chini, karibu na jiko.

Jumatatu, Novemba 24

Croll aliingia bila kubisha, theluji ikamfuata. Mtoto alikuwa ananyonya. Nyuma yake niliwaona Haskett na yule wa tatu wakiteremsha mabenchi kutoka bandani.

"Nasikia karani amerudi nyumbani," Croll akasema, akiangaza macho kama mtu aliyeshinda mnada. "Vizuri sana. Huko nje tumeganda. Sogeza kitanda hicho, Stroud, meza ikae hapa."

Orrin alikuwa amepiga magoti akisokota nyasi. Hakuinuka. Nilimtazama, na sikumsaidia kwa neno hata moja, kwa sababu hili lilikuwa lake.

"Anayeishi hapa si karani," Orrin akasema. "Barua yangu ya kujiuzulu iko ndani ya sanduku, juu kabisa. Teueni mwingine mwende kwake. Binamu yako anajua kuandika, na anakaa kwako, kwenye vile vyumba vinne."

"Huwezi. Kaunti itavunjika."

"Basi ivunjike." Najua kulisema hilo kulimgharimu nini. "Funga mlango, Croll. Ukiwa upande wa nje."

Croll alinitazama mimi, kama vile ningemwita tena. Kisha akatoka, akaufunga.

Orrin ameketi sakafuni tangu hapo, ameugeuzia ukuta uso, mabega yanatikisika. Bado nina hasira naye, na huenda nitakuwa nayo mpaka majira ya kuchipua na baada yake. Nimemwambia aongeze nyasi jikoni, ameongeza.